Wa Mlango Mmoja

Katika mji wa kale, mgeni hajulikani kwa nguo wala kwa lugha. Anajulikana kwa shingo. Mwenyeji anatembea akitazama chini, kwa sababu mawe ya barabara yameng'oka na mitaro haina mifuniko. Mgeni anatembea akitazama juu, kwenye nguzo, kwenye roshani za chuma na kwenye saa ya posta iliyokufa ikiwa saa kumi na dakika kumi, na huku mkoba wake uko wazi kama mdomo wa mtu aliyelala. Wewe mwenye mtoto anayetaka kwenda kuona majumba ya kale, umwambie mapema: shingo chini, mkoba mbele.

Jumanne asubuhi Kamusi alikuwa ameketi kwenye ngazi za jumba la gavana akiangalia shingo za watu. Akaona moja iliyomfurahisha. Ilikuwa ya mwanamke wa makamo, mnene wa kiasi, kafunga kilemba cha buluu, anaburuta sanduku kubwa lililofungwa kwa kamba. Shingo ilikuwa juu kabisa, hata nusura atumbukie mtaroni. Sanduku lilikuwa zito; lilipogonga jiwe lilitoa mlio wa kitu chenye thamani, au ndivyo masikio ya Kamusi yalivyosikia.

Waliomwita Kamusi hawakumwonea. Hakuna neno aliloulizwa akakosa maana yake, na maana isipokuwapo aliitengeneza papo hapo. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mbele tu, kwa kuwa mgongo ulikaa ndani ya koti. Kifuani alining'iniza kitambulisho cha kadibodi kilichoandikwa MTEMBEZA WAGENI RASMI, chenye picha aliyopigwa kwenye mahafali ya mtu mwingine.

Jumba lenyewe lilikuwa gofu. Nguzo zilikuwa zimesimama, sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe ilikuwapo, ila paa lilishaanguka na ghorofa ya juu ikaenda nalo, kwa hiyo ngazi kubwa ya mawe ilipanda vizuri na kuishia hewani. Kamusi aliwaambia wageni kwamba gavana alikuwa na desturi ya kupanda hapo kutafakari. Palikuwa pia na sehemu ya kuotea moto, katika nchi ambayo hata mijusi hutafuta kivuli. Hiyo Kamusi hakuitungia kitu. Aliwaacha wageni waitazame wenyewe.

Kazi yake ya pembeni ilikuwa misumari ya gavana. Alinunua misumari mipya dukani, akailoweka kwenye ndoo ya maji ya chumvi wiki mbili, ikatoka na umri wa miaka mia. Jumba zima lilihitaji miaka sitini na uzembe wa ofisi tatu ili lichakae. Kamusi alimaliza kwa ndoo moja.

Lakini alikuwa na kitu kimoja cha kweli, nacho ni mlango. Paa lilipoanguka wakati wa mvua kubwa, mlango wa mbele uling'oka ukalala chali kama mlevi, mti mnene usioliwa na mchwa, na kitasa cha shaba kikubwa kama ngumi. Walinzi hawakuugusa. Walisubiri barua kutoka juu, na huko juu walisubiri barua kutoka chini. Kamusi hakuwa mtu wa kusubiri barua. Alikuja na mkokoteni mchana kweupe, akasema mlango unapelekwa matengenezo, walinzi wakamsaidia kusukuma. Akaulaza chumbani kwake juu ya matofali manane, akatandika godoro, na kwa miaka miwili sasa hicho ndicho kilichokuwa kitanda chake. Kitasa kilimchoma ubavu kila alipogeukia kushoto.

Jumatatu, siku moja kabla ya kuiona hiyo shingo, Kamusi alikwenda kwa Mwenye Hoteli. Bwana huyu alikuwa anaifufua nyumba ya zamani ya hakimu iwe hoteli, na alitaka mlango wa kale wa kweli. Walizungumza ukumbini katikati ya harufu ya rangi, na chumba cha pili cherehani ilikuwa inalia, inanyamaza, inalia tena.

"Sikupi fedha," Mwenye Hoteli alisema. "Fedha utakula itaisha. Nakupa kazi. Utasimama kwenye mlango huo, ukaribishe wageni. Sare yenye vifungo vya shaba, viatu vipya, na chumba nyuma chenye dirisha."

Kamusi alitazama viatu vyake. Nyayo zilikuwa za kadibodi, ndugu wa kile kitambulisho. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na miwili, na magoti yalishaanza kulalamika kila walinzi walipomkimbiza. Maisha yake yote alikuwa akipitisha watu kwenye milango isiyo yake. Sasa anapewa wa kusimama nao kihalali.

"Mlango uje Jumamosi," Mwenye Hoteli aliongeza, "na karatasi yenye muhuri, inayosema ni wenu, mmeurithi. Bila karatasi sitaki hata kuuona. Mimi si wa kuamshwa na polisi."

Kila kitu kilikuwapo, basi, isipokuwa karatasi. Turudi sasa kwenye ngazi, maana mwenye sanduku amekwisha kufika.

"Shikamoo, mama. Karibu mjini kwetu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni mwenyeji hapa?"

"Mama, mimi na mji huu tulizaliwa siku moja. Ila mwenzangu kazeeka haraka."

Mama alicheka, akaweka sanduku chini, akapumua. "Basi Mungu kanikutanisha na mtu. Natafuta mlango wetu."

Kamusi alishusha sauti. "Mlango upi, mama?"

"Wetu. Marehemu baba aliniambia uko mji huu, karibu na jumba la gavana. Ulipotea zamani. Tangu jana nauliza, mtu anayeujua simpati."

Kamusi alikuwa amesimama, lakini alikisikia kile kitasa ubavuni. "Milango ya hapa imekwisha yote. Gavana mwenyewe akirudi leo ataingilia dirishani."

Mama alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyevaa viatu vya kushoto vyote viwili. "Nani kakwambia mlango wa mbao? Nasema mlango, ukoo. Watu. Baba alikuwa na ndugu yake seremala, akaja huku, akazaa huku, tukapotezana. Natafuta watoto wake. Amana yao hii hapa." Akapiga sanduku makofi mawili ya upole.

Lugha yetu haipendi kutupa maneno hovyo. Mlango ni ule wa kufunga na kufungua, na mlango ni wale waliotoka kwa babu mmoja. Mtu mwenye jina la Kamusi alipaswa kulishika hilo zaidi wiki ile kuliko wiki nyingine yoyote. Lakini alipopata nafuu ya kutoulizwa mbao zake, macho yake yalihamia sandukuni yakakaa huko.

"Mna nini humo, mama, kama si kuingilia?"

"Mambo ya mlango hayafunguliwi barabarani. Atafungua mtu wa mlango."

Kamusi akavua kofia. "Huyo seremala alikuwa mrefu?"

"Wa kiasi."

"Wa kiasi, ndiyo. Mimi nilikuwa mtoto, kila mtu alikuwa mrefu. Na mpole sana."

"Mkali."

"Mkali kwa watu. Kwangu mpole." Akatoa leso, akaipitisha kwenye macho makavu. "Mama, kaa chini kwanza. Huyo unayemtaja ndiye aliyenizaa."

Akaingiza mkono mfukoni akatoa msumari wenye kutu, akauweka kwenye kiganja cha mama kama anamwekea yai. "Huu ndio alioniachia. Aliupigilia jumba hili kwa mkono wake."

Mama aliubusu msumari. Akapitisha ulimi kwenye mdomo. "Mbona una chumvi?"

"Machozi yangu, dada. Nimeulilia miaka."

Na yule mama akamkumbatia pale pale mbele ya walinzi, akalia kweli kweli, hata mlinzi mmoja akajipangusa. Sikia sana hapa, mzazi mwenzangu, na mwanao asikie. Ukimdanganya mtu kwamba wewe ni ndugu yake, jihadhari asije akakuamini.

Maana ndugu halali nyumba ya wageni. "Nina mdogo wangu mjini halafu nikalale kwa watu?" Dada alisema, na saa sita mchana sanduku lilikuwa chumbani kwa Kamusi. Na dada mkubwa halali chini. Kamusi akatoa kitanda, yeye akatandika mkeka kwenye korido, akijisemea kwamba mvuvi hulowa kabla ya kula samaki.

Asubuhi alimkuta Dada amekwisha kufagia na kuchemsha chai.

"Kitanda chako kigumu, mdogo wangu."

"Kinanyoosha mgongo."

"Na kina kitasa."

Kamusi alipulizia chai iliyokwisha kupoa. "Fundi alikosea."

"Mafundi," Dada alisema, akaendelea kunywa.

Alikuwa dada wa kufurahisha, hilo Kamusi hakulikana hata baadaye. Alimpigia shati pasi mpaka mgongoni. Alimshonea kifungo cha koti na mfuko uliotoboka, mishono midogo iliyonyooka kama mstari wa daftari. Alimuuliza kama amekula. Kamusi alikua kwa kuhama kwa watu, leo kwa huyu kesho kwa yule, na swali hilo hakuwa amelizoea, siku ya kwanza alijibu "kula nini?" kama anayetuhumiwa.

Jumatano jioni Dada alisema, "Sanduku tutalifungua Ijumaa ukitoka kazini. Ila baba aliusia kitu. Kwanza twende kwa mwenyekiti wa mtaa, aandike kwamba sisi ni wa mlango mmoja. Karatasi yenye muhuri."

Kamusi alitua kikombe. Karatasi, yenye muhuri, ya mlango. Mwizi hakuwa yeye tena, lugha yenyewe ndiyo iliyokuwa inaiba kwa niaba yake. Mwenyekiti ataandika mlango akiwaza watu, na Mwenye Hoteli atasoma mlango akiwaza mbao, na hapo katikati atasimama mtu mwenye vifungo vya shaba.

"Neno la marehemu halivunjwi," alisema.

Wakaenda jioni ile ile. Ofisi ya mwenyekiti ilikuwa sebule yake mwenyewe, meza moja iliyoegemezwa kwa tofali, na muhuri alioupulizia pumzi kabla ya kuugonga. Alikuwa mzee wa kuandika polepole na kuuliza haraka.

"Niandike nini?"

Kamusi alikohoa. "Andika hivi, mzee. Mlango huu ni wetu. Tumeurithi kutoka kwa seremala wa jumba la gavana, na hakuna mtu mwingine mwenye haki nao."

Kalamu ilisimama. "Mbona mlango unausema kama unasema kabati?"

"Ndivyo tunavyosema kwetu."

"Ndivyo," Dada aliitikia, macho chini. "Na baba alikuwa anasema hivyo hivyo."

Mwenyekiti akaandika. "Na mkubwa wa mlango nani? Mimi siandiki mlango usio na mkubwa. Mwezi uliopita niliandika mmoja, wakapigana hapa hapa wakanivunjia mguu wa meza."

Kamusi alifungua mdomo. Lakini utakuwaje mdogo wa mtu tangu Jumanne, uitwe mdogo, uoshewe shati kama mdogo, halafu Jumatano ukatae?

"Dada," alisema, kama anayetafuna jiwe kwenye wali.

"Basi mwenye mamlaka juu ya mlango huu, wa kuutunza na kuupeleka anakoona panafaa, ni dada." Muhuri ukagongwa.

"Tunaomba na ya pili, mzee."

"Wino umekwisha. Rudini mwezi ujao."

Dada akaikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani. Kamusi hakuhangaika. Ijumaa sanduku litafunguliwa, kutakuwa na furaha na kukumbatiana, naye ataiomba aisome tena kwa uchungu wa kumkumbuka baba. Mtu hanyimwi karatasi ya baba yake.

Ijumaa ilimletea kundi la walimu wastaafu, watu wasiodanganyika kirahisi. Alipowaambia habari ya gavana na kutafakari, mmoja alisema, "Ngazi hii ilikuwa na ghorofa, kijana. Zile pale ni alama za boriti." Walimrekebisha mpaka saa tisa alasiri. Alirudi nyumbani amechoka, ila moyo ulikuwa unatangulia.

Mwenye nyumba wake alikuwa getini anatabasamu.

"Una dada makini wewe. Si kama wewe."

"Yuko ndani?"

"Aondoke na mzigo halafu awe ndani? Kaja na mkokoteni na wanaume wanne. Mimi nikawasimamisha, nikasema hapa hakitoki kitu. Kanionyesha karatasi, nimesoma mwanzo mpaka mwisho, na muhuri wa mwenyekiti ninaujua. Tena nikawashikia upande mmoja pale kwenye kona. Mlango wenu mzito, bwana."

Chumbani matofali manane yalikuwa yamepangwa safu mbili, yanatazamana kama watu waliokosa mazungumzo. Godoro lilikuwa limekunjwa vizuri, na juu ya godoro sanduku. Kamba ilikuwa imeshafunguliwa.

Kamusi alilitazama muda mrefu. Hata wakati huo, ujue mtu alivyo, moyo wake ulisema huenda amana ipo. Akafunua. Palikuwa na mawe mawili ya barabarani, vipande vya vitambaa vya mapazia, na msumari mmoja mweupe unaong'aa, umefungwa kwenye kijikaratasi. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyeishia darasa la saba bila kuona haya.

"Mdogo wangu, mlango wetu nimeupata. Msumari wa baba nimeusugua kwa siki. Bado mpya, utunze. Chai iko kwenye chupa."

Alikunywa ile chai. Ilikuwa na sukari anavyopenda yeye, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jumamosi aliamkia hotelini. Mlango ulikuwa umekwisha kufungwa bawaba mpya na kupakwa mafuta, kitasa kinawaka jua. Mbele yake alisimama Dada katika sare yenye vifungo vya shaba, iliyopunguzwa begani na kuachiwa kiunoni na mtu anayejua kazi. Chini, viatu vipya.

"Dada."

"Abee, mdogo wangu. Umekula?"

"Ulikuwa wapi Jumatatu nilipozungumza na Mwenye Hoteli?"

"Chumba cha pili, nashona mapazia. Ninyi wanaume mkiwa na siri mnaongea kwa sauti." Alimwondolea uzi begani. "Pazia la mwisho lilikuwa linapandishwa leo. Likipanda, mshonaji anarudi kwao. Na viatu vyako vilikuwa na kadibodi chini, vyangu vilikuwa nayo chini na juu."

"Nitasema wewe mwizi."

"Wa nini?"

"Wa mlango."

"Sema. Watakuuliza mlango ulikuwa wapi, utasema chini ya godoro langu. Watakuuliza ulifikaje hapo. Mimi karatasi ninayo, na maneno yote ni yako. Mimi siku ile nilikaa tu."

Kamusi alitafuta neno. Yeye, mtu wa maneno, alipekua kichwa kizima kama mtu anayetafuta funguo, hakupata hata moja.

Mwenye Hoteli akatokeza. "Kuna shida hapo?"

"Hakuna, bwana," Dada alisema. "Ni ndugu yangu."

"Wa mlango huu huu?"

"Huu huu."

"Basi asiuzibe. Wageni wanakuja."

Walinzi wa jumba la gavana wanaambiwa mpaka leo kwamba barua kuhusu mlango iko njiani. Kamusi alirudi kwenye ngazi zake na ndoo yake, godoro chini sakafuni, na anasema ubavu umepona lakini usingizi hauji, ameuzoea mchomo. Siku nyingine akipita pale hotelini hukuta kifurushi cha chakula kimewekwa pembeni kwa jina la Mdogo. Hukichukua akaenda nacho.

Wiki iliyofuata alileta kundi la wageni mbele ya hoteli hiyo, maana njia ni hiyo hiyo. Mmoja akaunyooshea kidole mlango. "Na huu una historia gani?"

Kamusi alitazama. Dada alikuwa amesimama wima, nyusi juu, anangoja kusikia atasema nini. Hadithi za gavana zilimjia tatu kwa pamoja, akaziacha zipite.

"Huu," alisema, "nimeulalia mimi mwenyewe miaka miwili. Kitasa kile kilikuwa kinanichoma hapa." Akashika ubavu. "Akaja dada yangu akauchukua."

Wageni walicheka mpaka wakashikana mabega. Ila mwanamke mmoja wa nyuma, ambaye tangu asubuhi shingo yake ilikuwa juu kwenye roshani, aliishusha. Akamvuta binti yake karibu.

"Shika mkoba wako, mwanangu," alimnong'oneza. "Huyu tangu tumekuja hajasema kweli hata moja."